Mwamuzi wa Mstari wa Nyuma

Mabegi mawili yalikuwa yameegemezwa mlangoni mwa ukumbi wa michezo wa chuo, moja jeusi na moja la bluu, na tangu Mama Chiriku aingie alikuwa akijitahidi asiyatazame. Jeusi lilikuwa la kijana mmoja wa Uhandisi, mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye hata walimu walimwita Mrefu. La bluu lilikuwa la mpinzani wake, Mashoto, aliyeitwa hivyo kwa kucheza kwa mkono wa kushoto. Zipu yake ilikuwa mbovu, ikafungwa kwa pini tatu ambazo Mama Chiriku mwenyewe alizitoa kwenye mkoba wake wiki iliyopita.

Nje, chini ya ngazi, gari dogo jeupe la chuo lilikuwa limeshageuzwa kuelekea getini, dereva amelaza kiti na kujifunika kofia usoni. Kituo cha taifa cha mazoezi ya badminton kilitaka mchezaji mmoja kutoka chuo hiki, mmoja tu, na kesho asubuhi awe ameshafika. Kwa hiyo wote wawili walikuja wamefungasha. Atakayeshinda angepanda gari na jasho lake, aende akakae miaka miwili. Atakayeshindwa angebeba begi lake kurudi bwenini.

Mama Chiriku hakuwa mchezaji wa kushindana. Mchana alijalidi tasnifu katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, jioni alikuwa mwanafunzi wa ualimu katika yale madarasa ya watu wenye kazi, na katikati, Jumanne na Alhamisi, alijiibia saa moja ya kupiga vinyoya vya badminton na wenzake: makarani wawili, mpishi wa kantini, na mhadhiri wa jiografia mwenye goti bovu. Timu ya chuo iliwaita Wafukuza Mbu, kwa jinsi walivyopunga raketi hewani bila kugusa kitu. Hawakukasirika. Yule wa goti bovu alisema kwamba tangu waanze kucheza, angalau malaria imepungua ukumbini.

Lakini siku ya mashindano Wafukuza Mbu walikuwa watu wa maana. Wao ndio waliokaa kwenye viti pembezoni mwa uwanja kutazama mistari. Kocha alitia vikaratasi kwenye kofia yake, kila mmoja akachota chake, na mstari uliouchota ukawa wako mpaka mwisho. Sharti lilikuwa moja: kama mchezaji ni ndugu yako au ni mtu wako, unarudisha kikaratasi. Mama Chiriku alichota, akafungua, akasoma: Nyuma, kushoto. Alikisoma mara mbili. Kukirudisha kulitaka kusema sababu, na sababu yake ilikuwa haijawahi kutamkwa mbele ya watu ukumbini mle. Tena nusu saa kabla ya hapo, kuna mtu alikuwa amemwomba aizike kabisa.

Mtu huyo alikuwa mama yake Mashoto. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, mwenye mtoto huyo mmoja kama jicho. Alikuja chuoni na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, kana kwamba aliinuka kwenye cherehani akasahau kuuvua. Alimkuta Mama Chiriku kwenye kijia cha vyumba vya kubadilishia nguo, anahesabu vinyoya kwenye kopo.

"Wewe ndiye Mama Chiriku?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Yule mama alimtazama kuanzia viatu, akapanda polepole, jinsi anavyomtazama mtu aliyeleta kitambaa. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Nimeuliza, nimeambiwa una adabu na unajituma. Lakini wewe una mtoto, maisha yako yameshaanza. Ya huyu wangu hayajaanza. Leo amefunguliwa mlango. Nakuomba, usisimame mlangoni."

Mama Chiriku alikuwa na mengi ya kusema. Angesema kwamba hajawahi kumwomba kijana yule kitu. Angesema kwamba ni Mashoto aliyemfuata yeye, Jumanne moja miezi minane iliyopita, alipomwona anahangaika na raketi iliyogandana na kiganja kwa gundi ya kujalidia, akamuuliza, "Dada, hiyo raketi umeishika au imekushika?" Angesema pia kwamba Chiriku, aliyekuwa hampi mgeni hata salamu, sasa alikuwa na Anko Kinyoya wake, na asubuhi nzima huwa ni Anko Kinyoya hivi, Anko Kinyoya vile. Lakini mbele ya mama wa mtu, maneno huwa mazito. Alisema tu, "Nimesikia, mama."

Akaenda kuchota kikaratasi.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, na yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi la watazamaji hatua mbili nyuma yake. Aliusikia utepe ule ukigusagusa vifungo vya blauzi kila mwenyewe alipovuta pumzi.

Kazi ya mwamuzi wa mstari ni ndogo na haina maneno mengi. Kinyoya kikianguka nje, unatamka "nje" kwa sauti na kutanua mikono yote miwili. Kikianguka ndani, au kikiugusa tu mstari, husemi kitu. Unanyoosha mkono wa kulia, unaonyesha mstari. Na kama mchezaji amekukinga hukuona, unafunika macho kwa viganja, ili mwamuzi mkuu ajue kwamba wewe huna jibu. Basi. Hakuna ishara ya nne. Hakuna ishara ya mtu aliyeona asichotaka kukiona.

Juzi, kwenye ngazi za ukumbi uleule, Mashoto alimwambia kwamba akishindwa, mwezi ujao atamchukua mjomba wake waende kwa akina Mama Chiriku kujitambulisha, kwa heshima zote. Alisema hata dada yake Mama Chiriku, yule anayeshinda na mtoto na kusema kila siku kwamba wanafunzi wa mchana ni watu wa kupita, atanyamaza siku hiyo. Mama Chiriku alicheka. Akamuuliza, na ukishinda? Mashoto akaanza kung'oa gundi iliyokauka kwenye kidole cha shahada cha Mama Chiriku, akaing'oa yote. Ndipo Mama Chiriku akasema, "Shinda. Mimi usinifikirie." Alilisema vizuri, kwa tabasamu. Aliporudi nyumbani aliosha vyombo viwili kwa muda wa vyombo ishirini.

Seti ya kwanza ilikuwa ya Mrefu. Ya pili ikawa ya Mashoto. Katika ya tatu walifukuzana pointi kwa pointi, jasho likidondoka mpaka kocha akaleta kitambaa kupangusa sakafu. Walipofika kumi na moja walibadilishana pande, kama sheria inavyotaka, na Mrefu akaja kusimama upande wa Mama Chiriku. Maana yake ilikuwa kwamba kuanzia hapo, kila kinyoya kirefu cha Mashoto kingeangukia mbele ya kiti chake.

Tena alikijua kinyoya hicho. Jumanne nyingi, wengine wakishaondoka, Mashoto aliweka kifuniko cha soda juu ya mstari wa nyuma, karibu na pembe hiihii, akamfundisha kukilenga kwa pigo la juu linalopanda karibu na paa na kudondoka wima. Yeye alikipiga kifuniko mara saba katika kumi. Mama Chiriku alikipiga mara moja, kwa bahati, wakashangilia mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Ishirini kwa kumi na tisa. Mashoto mbele. Pointi moja.

Mrefu alianzisha, Mashoto akarudisha, wakavutana mbele ya wavu kwa vipigo vidogo vya kuchokozana, kisha Mashoto akarudi hatua moja, mkono wa kushoto ukapanda, na kinyoya kikaenda juu. Kilikwenda juu mpaka kikaonekana kusimama chini ya taa. Mrefu alirudi nyuma, akarudi tena, akapita karibu kabisa na kiti cha Mama Chiriku, akasita, akashusha raketi. Aliamua kukiacha. Aliamini kinatoka.

Mama Chiriku alikifuata kwa macho tangu taani mpaka chini. Kilianguka kwenye rangi nyeupe, katikati ya upana wa mstari, mahali pa kifuniko cha soda. Hakukuwa na shaka hata ya unywele. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono.

Mkono haukunyooka. Aliliona begi la bluu lenye pini tatu. Alimwona Chiriku dirishani, ameshika wavu wa mbu kwa vidole vyote, anauliza mbona leo Anko Kinyoya haji. Kabla hajajua anafanya nini, viganja vyake vyote viwili vilikuwa usoni.

Gizani mle alisikia minong'ono ikizunguka ukumbi. Alimsikia mwamuzi mkuu, kutoka kwenye kile kiti chake kirefu kama ngazi ya fundi rangi, akisema kwamba naye alikingwa na mgongo wa mchezaji, hivyo pointi irudiwe. Kocha alilalamika, akaambiwa akae. Mrefu alijifuta uso kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa maisha.

Mama Chiriku alishusha mikono. Upande wa pili wa wavu, Mashoto alikuwa amesimama palepale, anamtazama. Hakulalamika, hakuinua hata bega. Alijua kinyoya chake kimeangukia wapi. Alikijua kama mtu anavyojua pa kuweka mguu kwenye ngazi za kwao. Na katika macho yale hakukuwa na hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Nyuma ya kiti, utepe ulikuwa umeacha kugusa vifungo.

Pointi ikarudiwa. Safari hii walipigana kwa muda mrefu zaidi, pembe kwa pembe, viatu vikilia sakafuni, na mara mbili Mashoto alipata nafasi ya kumaliza kwa kushindilia pale katikati, mahali pasipohitaji mwamuzi yeyote. Hakushindilia. Alisubiri. Kisha alirudi hatua moja, mkono wa kushoto ukapanda, na kinyoya kikaenda juu, kilekile, njia ileile, kama barua iliyorudishwa na kutumwa upya kwa anwani ya kwanza.

Mrefu, ambaye bado aliamini kwamba ile ya awali ilikuwa nje, alikiacha tena.

Kilianguka kwenye mstari.

Watu wote waligeuka kumtazama mwanamke mdogo mwenye gundi kwenye vidole. Viganja vilimwasha. Vilitaka kupanda, vilikuwa vimeshaijua njia. Mama Chiriku alilikandamiza goti la kushoto kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akaunyoosha polepole, mpaka kidole kikauonyesha mstari.

Ndani.

Makelele yaliyofuata hakuyasikia vizuri. Alimwona kocha akikimbia, akaona raketi imetupwa, akaona Mashoto ananyanyuliwa na wenzake na kuteremshwa. Mtu mmoja alishakwenda kumwamsha dereva. Yeye aliinama, akaanza kukusanya vinyoya vilivyochakaa na kuvitia kwenye kopo, kwa sababu ilikuwa kazi na ilikuwa karibu.

Viatu vyake alivitambua kabla hajainua uso. Mashoto alichuchumaa mbele yake, taulo shingoni, akaokota kinyoya kimoja akakitia koponi naye, kana kwamba ni Jumanne.

"Ile ya kwanza uliiona," alisema.

"Niliiona."

"Ilikuwa ndani."

"Ilikuwa ndani. Hata kipofu angeiona."

Mashoto akaokota kingine. "Ya pili ungeweza kufunika tena."

"Na wewe ungeweza kupiga kwingine. Mara mbili alikuachia uwanja wote. Ukaileta kwangu."

Mashoto alitazama chini. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka kushinda kitu alichokililia tangu utotoni, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Nimeshindwa kuamua," alisema. "Tangu juzi nimeshindwa. Nikiwaza kwenda nakosa pumzi, nikiwaza kubaki namwona mama. Ulipofunika macho nikajua unataka nini. Nikasema basi, nitaipeleka tena palepale. Akifunika tena, nitapiga nje mpaka nishindwe, nibaki. Nilijua wewe utajua."

Kwanza Mama Chiriku hakuelewa. Alipoelewa, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu alitamani kumpiga kwa lile kopo.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupandisha gari."

"Sikumaanisha..."

"Huko ukiulizwa, utasema mwamuzi alionyesha ndani. Sawa. Na mimi Chiriku akiniuliza Anko Kinyoya yuko wapi, nimwambie nani alionyesha?"

Mlangoni kocha alikuwa anamwita Mashoto, mara ya kwanza kwa jina la utani, mara ya pili kwa kupiga makofi. Begi jeusi lilikuwa limeshachukuliwa. Mrefu alipita nalo begani bila kuaga mtu. La bluu lilibaki peke yake, na Mama Chiriku akaona kwamba pini moja imefunguka.

Alinyanyuka, akaenda, akaifunga. Mashoto alimfuata nyuma kama mtoto anayefungiwa mkoba wa shule.

"Baada ya mwaka mmoja wanatoa likizo," alisema. "Nikisema unisu..."

"Usiniombe nikusubiri." Alikuwa bado ameinamia begi. "Usiniombe, tafadhali. Ukiomba nitakubali, na mimi leo sitaki kukubali kitu kingine."

Basi hakuomba. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Mama Chiriku, juu ya zile pini, kwa kitambo ambacho hata mwamuzi mkali asingekiona. Kisha akaenda kwa mama yake. Aliinama akambusu mkono, mama akambana kichwa kifuani, akamwambia maneno ambayo hayakusikika. Begi likapakiwa.

Ngazini walibaki watu wachache, na punde wakabaki wawili. Yule mama alisimama ngazi moja juu ya Mama Chiriku. Dereva alikuwa anajaribu kuliwasha gari, nalo linakohoa.

"Mimi," alisema yule mama taratibu, "natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na nilikaa hatua mbili nyuma yako."

Mama Chiriku alijua kinachokuja. Alijua kwamba hana pa kukimbilia. "Naomba unisamehe, mama. Niliiona. Sijui nini kilinishika."

"Usiniombe msamaha." Sauti ilikuwa imekauka. "Ulipofunika macho yako, mimi nilisema asante. Kimoyomoyo. Nilisema, asante mwanangu, mfunikie, asiondoke. Nikaona haya mpaka nikashindwa kutazama ile ya pili. Kabla ya mchezo nilikuhubiria habari za mlango, kumbe aliyesimama mlangoni ni mimi."

Mama Chiriku aligeuka kumtazama. Ule uso uliompima kuanzia viatu ulikuwa umelegea wote, midomo ikitafuta pa kushika.

"Hata kama ningejua ya kumwambia, asingebaki," aliendelea. "Wala wewe usingemzuia. Hakuna kati yetu aliyeweza kitu."

"Hakuna, mama."

Gari likawaka. Yule mama aliinua mikono yote miwili akafunika macho, viganja vimekaa barabara, kama mtu aliyefundishwa. Mama Chiriku hakufunika. Alikuwa ameshafunika mara moja, ikatosha. Alitazama gari likisogea, akauona mkono wa kushoto ukitoka dirishani, umefunguka, hauna kitu.

"Limetoka?" aliuliza yule mama nyuma ya viganja.

"Bado. Lipo getini."

"Sasa?"

"Mlinzi anafungua."

Walisimama. Upepo wa jioni ulichezea utepe wa kupimia, ukauweka begani, ukauteremsha. Kwenye madarasa ng'ambo ya bustani taa zilikuwa zinawashwa moja moja. Somo la kwanza lilikuwa linaanza, na kiti cha Mama Chiriku, cha tatu kutoka dirishani, kilikuwa kitupu.

"Huyo Chiriku," yule mama alisema, mikono bado usoni, "ana kimo gani?"

Mama Chiriku alidhani hakusikia vizuri. Kisha alinyoosha mkono wake wa kulia, uleule, akaonyesha hapo kiunoni pake. Akakumbuka mwenzake haoni. Akauchukua mkono mmoja wa yule mama, akautoa taratibu usoni, akauteremsha hewani mpaka kwenye kimo cha mtoto, akaushikilia hapo.

"Hapa," alisema.

Vidole vya mshonaji vilikunjuka kidogo, kama vinapapasa nywele.

"Na gari?"

Mama Chiriku aliitazama barabara mpaka mwisho wake.

"Halionekani tena, mama."